Shingo ya Mke wa Lutu

Miaka kumi na minane nimelifundisha fungu hili
katika kikanisa chetu cha Majengo,
kwa watoto walioketi juu ya mawe ya lava,
na kila mwaka nililimaliza kwa kidole juu:
mnaona, asiyetii hugeuka chumvi.
Kisha kengele, kisha wote mbio nyumbani.

Baada ya Pasaka padri alimwita Bauma,
mchora vibao vya saluni kule Birere,
yule wa vichwa sita vya wanawake na misuko yao,
bei chini.
Akampa ukuta wa kaskazini na makopo manne ya rangi.
"Nichoree moto wa Sodoma."
Bauma akauliza: "Upi, wa kitabuni au wetu?"
Padri alicheka, lakini si sana.

Moto aliumaliza kwa asubuhi moja,
kama mtu aandikaye jina lake.
Shingo ilimla wiki mbili.
Alipaka, akafuta, akapaka.
Vichwa vyake vyote tangu ujana
vilikuwa vimetazama wateja.

Nilipoiona nilikasirika.
Nilimtaka mwanamke mkaidi; huyu kinywa ki wazi,
vidole vitatu amekunja,
cha nne kimebaki hewani.
"Anahesabu nini?"
"Soma juu kidogo, mwalimu."

Nikasoma. Wakwe, wale walioona ni mzaha,
walibaki mjini.
Na mkwe ana mke.
Na mke ana mama.
Miaka kumi na minane nimeuruka mstari huo
kama mtu arukaye mfereji, akili yake iko sokoni.

Ndipo barabara ya Sake ikanirudia:
godoro kichwani, majivu mdomoni,
mama anageuka, mimi namvuta kitenge,
Twende! Usitazame!
Dada yangu Asifiwe alikuwa ameenda kuteka maji.
Alitufikia siku ya pili, mzima, bidoni tupu mkononi,
akashangaa tunalilia nini.
Lakini shingo ya mama haikurudi naye.
Hadi uzee wake alikula ameuelekea mlango.

Kama Mungu alimwadhibu mwanamke yule, sijui.
Zamani nilijua.
Ukuta una unyevu; tangu mvua za Septemba
chumvi inachipuka yenyewe penye pindo la vazi lake,
na watoto huilamba nikigeukia ubao.
Nawasikia. Sigeuki upesi.

Jumamosi hii kidole changu hakikupanda juu.
Niliwaambia wahesabu vya kwake.
Mugoli, mdogo kuliko wote, akasimama:
"Mwalimu, cha nne ni cha nani?"
Kengele ikalia,
nami nikaishukuru.