Meno Thelathini na Sita

Niliununua Sharjah, mnadani, jua la utosi.
Saa elfu mbili na mia nne, ndivyo kioo kilivyosema,
na dalali akala yamini hazikurudishwa nyuma.
Nikauzunguka. Nikapiga magoti mchangani,
nikagonga kila roda ya chini kwa spana.
Mbili zililia kavu.
Nikanyamaza, nikashusha dirhamu elfu saba,
nikarudi Oman najiona mjanja.

Ujanja ule niliulipa mwezi wa Mei:
mkanda wa raba ulichomoka katikati ya bonde la Batha,
na roda zilezile mbili zikanidai na riba.

Kazi yetu ni kusaga miti.
Si mghafu, huo una heshima yake na faini yake.
Ni huu mwingine, wa miiba, uliokuja kwa ng'ambo,
hapa Alkamil wanauita ghafu ya bahari.
Komora, dereva wangu, mtu wa Hola,
siku ya kwanza alipouona alicheka hadi akashika mlango:
"Mathenge! Hata huku umenifuata?"
Kwao, asema, mbuzi waliyapenda maganda yake, matamu,
meno yakawaoza, wakabaki kuguguna hewa.
Akaipapasa ngoma ya mtambo, akahesabu:
meno thelathini na sita.
"Haya. Tutaona nani atamng'oa mwenzake."

Saa kumi alfajiri, tochi mdomoni,
grisi kwenye kila chuchu mpaka ya zamani itoke nyeusi.
Mkanda tunaupima kwa vidole: vitatu, basi.
Ukiukaza sana utazila roda,
ukiulegeza utakutema njiani.
Chujio hupulizwa toka ndani kwenda nje;
Komora alisahau mara moja, nikamsema wiki nzima.
Kisha sahani ya tumbo, vibanzi tunavichokoa kwa mkono,
maana kibanzi kikavu kikilala juu ya ekzosi
hakingoji kibiriti.
Mpira wa haidroli ukipasuka namwendea Liaqat, Sanaiya ya Ibra,
akata kwa jicho, hapimi, na hakopeshi.
Saa nne asubuhi tunazima. Joto limeshapita arubaini na tano.

Halafu tukafika shamba la baba.

Mitende ilikufa kitambo, miiba ikajaa hadi ukutani.
Komora aliingia kwa upole, kama mtu aliyevua viatu.
Ekari ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa.
Kwenye mti mnene kuliko yote, chini ya dirisha la jikoni,
ngoma ililia kwa sauti nisiyoijua, ikakwama.
Jino moja liliruka, likapasua ndoo.

Tukafukua. Bomba la pampu, limekunjwa duara,
na waya wa kuku umezama ndani ya gome
kama pete kwenye kidole kilichovimba.
Kiunga cha mche.
Mtu aliuzungushia usiliwe na mbuzi.

Mama alikuwa mlangoni, kanga begani, ile aliyotoka nayo Unguja.
"Baba yako," alisema. "Mwaka tuliorudi.
Aliupata kwenye kopo la maziwa, ofisi ya kilimo.
Majirani walituita watu wa ng'ambo,
naye akasema, basi na apate mwenzake."

Komora alinitazama. Mimi nikatazama jino,
riali nane, bila bolti.

Tukakata waya. Tukafunga jino la akiba.
Tukausaga mti ule mpaka chini ya udongo,
kwani ukiuacha shina, Muharam haufiki kabla haujachipua.
Harufu yake ilikuwa tamu. Hilo sikulitarajia.

Mama aliuliza swali moja tu:
"Na kivuli je? Mtambo wenu unapanda?"

Injini haizimwi ghafla, hupozwa kwanza dakika tano.
Tulizisimamia zote tano, watu watatu,
juani.