Namba ya Darajani

Theluji imeimeza barabara ya Ushguli.
Jokola anaendesha kwa kukumbuka,
si kwa kuona.

Huku nyuma ni mimi, mashine, na Besarion mkata magogo.
Msonobari umembiringikia nyonga.
Hana jeraha la kutazama, hata tone sakafuni.
Ananiomba radhi kwa matope ya buti zake.

Tisini na mbili.

Watu huogopa presha inayopanda,
ile ya kelele, ya kichwa kugonga.
Inayoshuka ina adabu:
inateremka ngazi bila viatu, usiku,
isije ikaamsha mtu.

Mkanda wa nyonga nimeukaza mpaka akaguna.
Mfuko wa dripu nimeubeba tumboni, ndani ya koti,
tangu kijijini, usigande.
Namfungulia kidogo. Kidogo tu.
Damu nzito kuliko maji:
wengine husema hivyo kwa ajili ya undugu,
mimi nasema uzito wenyewe.
Maji hujaza mshipa, hayabebi pumzi,
na yakizidi yatalisukuma lile donge
linaloziba tundu huko gizani, peke yake.

Themanini. Sabini na nne.
"Nutsa, maksai wangu yuko ndani?"
Yuko ndani.
"Maksai wangu yuko ndani?"

Darajani, Enguri ukinguruma chini yetu,
natafuta mapigo kwenye kiganja: hayapo.
Nahamia shingoni. Yapo, mepesi, ya haraka,
kama mtu anayebisha hodi
huku ameshageuka kuondoka.
Sitini na sita.
Karatasi imelowa. Naiandika kwenye glavu,
na saa yake: nne kasorobo.

Kisha, tukiteremkia Mestia, inapanda.
Labda blanketi, labda yale maji kidogo,
labda mwili umejikaza wenyewe,
kama wafanyavyo wenye nyumba mwezi wa njaa
mgeni akiwa mlangoni.

Mia na nne.

Daktari Varlam, macho mekundu, zamu ya pili mfululizo,
anatazama kioo cha mashine yake.
"Mia na nne. Yuko sawa. Mlazeni pale dirishani."

Sawa.

Theluji inayeyuka mabegani mwangu, inanichuruzikia mgongoni.
Hospitali huamini kilichopimwa ndani ya kuta zake;
cha njiani ni hadithi ya msafiri.
Jokola ananivuta mkono, twende.
Siendi.
Navua glavu, naibandika mezani,
juu kabisa ya karatasi zake safi.

"Hii ilikuwa darajani," namwambia.
"Hiyo yako imeshanawa uso."

Anaisoma. Anaigeuza, kana kwamba nyuma kuna jingine.
Halafu anakwenda dirishani, anafunua blanketi,
anaweka kiganja juu ya tumbo la Besarion,
na kiganja hakizami.

"Damu," anasema, bila kupaza sauti.
Kisha anaipaza.

Korido inajaa miguu.
Nimesimama nikiwapisha, mkono mmoja una joto,
mmoja baridi.
Hakuna aliyenirudishia glavu.
Sikuiomba.