Twende Kilioni, Mita Kumi na Nane

Somoe hunisuka alfajiri, kibarazani kwake Mikindani,
magoti yake mabegani mwangu, chanuo mdomoni,
na swali lilelile la kila Jumatatu:
"Hebu niambie, mwenzangu, huko chini
unakwenda kuonwa na nani? Chewa?"

Sicheki. Nikicheka mstari unapinda,
na mstari ukipinda miwani inavuja.

Wiki ya kwanza sikulijua hilo.
Nilishuka Ruvula na nywele zangu zilivyo,
kipilipili kilichochanuliwa, shungi la kujivunia.
Mwalimu Chilumba alinitazama, akasema, "Kanyoe."
Kwake yeye, mwenye upara, nywele ni kesi iliyokwisha kufungwa.

Sikunyoa. Nikalipa.
Mkanda wa mpira ulininyonyoa kisogo
kama kuku wa mgeni asiyetarajiwa.
Unywele mmoja ukalala chini ya ukingo wa miwani,
na kwa unywele ule, mwembamba kuliko fununu,
bahari nzima ikataka kuingia.
Nilipanda juu macho mekundu,
kichwa kama kifuu kilichokunwa nusu.

Somoe hajui kuogelea.
Maji yakimfika magotini anasoma Yasini.
Lakini kichwa anakijua.
Alikishika changu kama mnunuzi wa tikiti,
akakigeuza, akakigonga kidogo, akasema:
"Nywele zinakunywa. Ukizipeleka baharini na kiu
zitakunywa zitakachokikuta.
Zishibishe kwanza maji ya kisima."

Basi ndivyo tunavyofanya.
Makopo mawili ya maji baridi, mpaka yachuruzike mgongoni.
Kisha mafuta ya nazi, aliyoikuna na kuyapika mwenyewe,
yananukia hadi paka wa jirani anasogea;
kidogo tu, na pajini asipake,
maana miwani haipendi uso wa kuteleza.
Halafu twende kilioni, mistari saba ya kulala,
kutoka usoni kurudi nyuma,
ncha zote zimefungwa shingoni, mkanda usikofika.
Na mkanda wenyewe ameuvisha kipande cha kanga kuukuu,
maneno yake yamebaki nusu:
USINIGUSE.

Mtindo huu mama alinisuka mara moja,
siku tuliyomzika baba. Haraka, bila mafuta,
mlangoni watu wanasubiri,
vidole vyake vinakosea njia na kurudi.
Sikuwahi kuuomba tena
hadi kazi ya hifadhi iliponitaka kichwa kitulie.

Nashuka. Mita tano, masikio. Mita kumi, kimya.
Mita kumi na nane nafungua ubao wangu, nahesabu matumbawe:
hai. Hai. Jeupe.
Jeupe. Jeupe. Hai kwa upande mmoja.
Jeupe.
Penseli yangu haina herufi nyingine.

Mwezi uliopita msuko mmoja ulifunguka,
ukapanda juu ya bega langu kama jani la bahari.
Kitatange akaja, akauonja ncha,
akaondoka, akarudi kuhakikisha.
Nilibaki pale, nisihesabu,
hewa ya mtungi ikipungua,
kwa sababu kulikuwa na mmoja bado ana njaa
na bado ana matumaini na nywele zangu.

Msimbati maji baridi ni ya kununua kwa ndoo.
Nanunua moja, naimwaga kichwani taratibu
mbele ya watoto wanaoshangaa ubadhirifu,
naikinga chini kwa beseni
ili mwisho wake nikasuuze miwani.
Chumvi isilale kichwani, alisema Somoe.
Ikilala, itaamka na nywele.

Jumamosi ananifumua.
Mchanga unadondoka kwenye mapaja yake,
na kipande kidogo, cheupe, chepesi,
anakiokota kwa kucha, anakitazama juani.
Safari hii hakutaja chewa.
Aliuliza kwa sauti ya chini,
kama mtu anavyomuuliza aliyetoka matangani:
"Umewakutaje?"

"Wengine hawajambo," nikamwambia.

Akanyamaza. Akakiweka kile kipande
juu ya kifuniko cha chupa ya mafuta,
akashika msuko uliofuata.