Benchi la Nyuma

Walilileta kwa mkokoteni, Makorora, Jumatatu asubuhi:
benchi la mvule, mguu mmoja umeliwa na mchwa.
Mzee wa kanisa, Shemhilu, alilifuata kwa miguu,
shati jeupe, kola imefungwa hadi kooni.

"Hili ni la waliotengwa," akanieleza,
kama mtu anayemtajia fundi upana wa dirisha.
"Aliyeanguka hukaa hapa mpaka atubu mbele ya watu.
Kila ubao una maana.
Halina egemeo: mwenye dhambi hana pa kuegemea.
Miguu mifupi: ajifunze kushuka.
Hukaa mlangoni: nje ndiko kwenye giza."

Mimi naswali msikiti wa pili kutoka hapa,
ishara za watu sizisomi bila ruhusa.
Nikapima. Futi saba na nusu.
Nikamwambia, mzee, egemeo lilikuwepo.
Lilikatwa. Matundu ya vigingi haya hapa,
mtu kayaziba kwa nta.

Akasema anakwenda kutafuta chai.

Nikaligeuza tumbo juu.
Loo.
Kwa kucha, kwa pini ya nywele, kwa ncha ya msumari:
Namsifu, 1961.
Mwingine kachora samaki tu, hana macho.
Mwingine kahesabu Jumapili, vijiti vitano vitano,
hamsini na mbili, halafu nusu kijiti.
Na pembeni kabisa, mahali pa mtu wa mwisho,
*sikuiba*,
S imetazama nyuma, mwandiko wa mtoto
aliyejua herufi juzi.

Aliporudi benchi limesimama, randa iko mkononi mwangu.
Sikusema.
Akakaa kulijaribu kama bado linayumba.
Alikaa pembeni, ilhali benchi zima li tupu.
Na mkono wake wa kushoto ukateremka wenyewe,
ukapinda chini ya ubao,
vidole vikaenda pale bila kutafuta
kama mtu na swichi ya chumba chake, umeme ukiwa umezimwa.

Mvua ya vuli ikaanza kupiga mabati.
Tukapatana bei: mguu mpya, gundi,
msasa, vanishi mara mbili.
Alilipa nusu, akahesabu chenji, akatoka,

akarudi. Maji yanamchuruzika.
Kifungo cha kola amekifungua.

"Fundi," akasema. "Huko chini
usipige randa."