Fundi wa Sekunde Nne

Nimemnunua Ruwi, kwa Baburaj, nyuma ya duka la vioo,
riyali moja na baisa mia tatu, juzuu ya kwanza,
pembe ya jalada imelika, kurasa zanuka bizari
maana Baburaj huweka chakula chake juu ya vitabu.
Agosti. Kiyoyozi kinadondosha matone kwenye ndoo.

Filamu zenyewe mnazijua: saba, ya nane iko njiani,
nahodha yule yule, kidevu kile kile,
jua linalipuka nyuma yake naye hageuki.
Mimi nilimpenda fundi.
Filamu ya tatu, karibu na mwisho, mlango wa chuma unashuka:
anamrushia nahodha spana, anasema "Haya,"
mlango unafunga.
Sekunde nne. Nimezihesabu kwa saa ya marehemu baba.
Hata kwenye orodha ya majina yeye ni Fundi wa Pili.

Sasa kuna mtu Ujapani, simjui, ana kalamu ya wino,
kampa juzuu sita.
Kampa jina. Kampa mama mwenye mguu mbovu,
jino la dhahabu, deni la kantini,
ugomvi na jirani juu ya maji ya kufulia.
Kurasa kumi na moja anatafuta skrubu tu,
chini ya kitanda, ndani ya kiatu, skrubu,
na moyo wangu wadunda kuliko katika vita vyote saba.

"Unasoma nini wee?"
Shangazi Shinuna, mlangoni, na kikapu cha nguo mbichi.
"Manga."
Akacheka mpaka akakalia nguo.
"Manga! Manga si ndo hapa tulipo?
Pilipili manga, njiwa manga,
na skuli, Ng'ambo, wakinambia: Mmanga, rudi kwenu Manga.
Nikarudi.
Mwaka wa sabini na mbili, uwanja wa ndege wa zamani,
hapo hapo Ruwi, kabla ya majengo,
karani kanitazama, kaandika, kamwambia mwenziwe:
hii Zinjibari."
Akajifuta macho kwa pindo la leso.
"Haya, nioneshe Manga yako."

Nilikuwa nimekifungua kushoto, nimeuona mwisho bila kutaka.
Akaninyang'anya, akakigeuza.
"Chaanzia huku. Barua za babu yangu zote zaanzia huku,
Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu."
Kiingereza kilichomo ndani ya mapovu hakukishughulikia.
Akatia chake.
Fundi akaanza kusema Kiunguja, tena cha Ng'ambo:
"Nahodha, mie mwiko kwani? Nipike mie, ule weye?"
Na mama yake, toka kitandani: "Kula kwanza, mwanangu,
hiyo meli haiendi popote bila yako."
(Nilikisoma baadaye, peke yangu, kwa maneno yake halisi.
Mama hasemi hivyo. Anauliza kama mvua inanyesha.)

Alhamisi tukanunua ya pili na ya tatu; pesa katoa yeye.
Baburaj akamwita mama, akapunguza baisa mia.

Juzuu ya sita ndiyo ya mlango.
Kule ulishuka sekunde moja; huku kurasa arubaini,
upana wa kidole kila ukurasa.
Shangazi kashika kona ya karatasi, hageuzi.
"Anajua?"
"Anajua nini?"
"Kama hatorudi."
Nikamwambia kwenye filamu hatuoneshwi, alisema haya, basi.
"Haya," akasema, akilipima neno kama kitambaa dukani.
"Haya hiyo ina mambo."

Nje mtu anaosha gari, maji yanakauka kabla ya kufika lami.
Shangazi hajageuza bado.
Kidole chake kimeteremka hadi chini ya ukurasa, pembeni,
kwenye kijana mwenye ndoo, hana uso,
michirizi mitatu tu ya wino na kisigino.

"Na huyu?"