Mosi Januari

Katika kanisa letu mjini Erie, Pennsylvania,
ambalo zamani lilikuwa duka la magodoro,
watu arobaini na watatu tulizaliwa siku moja.
Karani wa kambi hakuwa na muda wa hadithi.
Mama alimwambia: mvua ya pili, mihogo imeanikwa mawe yote,
usiku ule mbuzi wa Ebinda alipopotea.
Akaandika: mosi Januari.
Akamgeukia aliyefuata. Mosi Januari.

Kwa hiyo leo keki ni moja,
theluji ya ziwani imefika kwenye vitasa,
na Mchungaji Asukulu anapuliza mishumaa kwa niaba yetu,
akikohoa.

Mimi naitwa Machozi. Basi.
Nilipewa jina njiani, mgongoni mwa mama anayekimbia,
na hakuna aliyewahi kuniongezea la pili.
Huku jina moja halitoshi.
Penye nafasi tupu mashine iliweka herufi tatu,
F, N, U,
yaani jina la kwanza halijulikani.
Msimamizi wa zamu ya usiku ananiita Finu.
Nimeitikia miaka sita.
Mtu huitikia anachoitwa, apate mkate.

Kiwandani nakagua vifuniko vya chupa.
Vinamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua,
vyeupe, vya buluu,
natoa chenye ufa, chenye mdomo uliopinda,
nakitupa kwenye pipa la kusagwa.
Sina ugomvi na kifuniko.
Kimefanywa kwa ajili ya chupa,
kisipofaa hakiulizi.

Lakini baba anauliza.
Tangu kiharusi kimkamate upande wa kulia
anakaa dirishani, mkono umelala mapajani
kama kitu cha watu alichoachiwa akitunze.
Yeye aliyeezeka shule tatu kule Fizi.
Jumapili moja Mchungaji alihubiri
kwamba kila mtu ana kazi aliyoumbiwa,
na nyumbani, nikimvua viatu, baba akasema,
maneno yakikanyagana mlangoni mwa kinywa:
"Machozi. Mimi... wa nini?"

Nilivuta soksi.
Nilifikiria pipa. Mungu anisamehe, nilifikiria pipa.

Usiku ule mikono ilifanya kazi yenyewe,
nami nikarudi mwanzo kabisa, kwenye udongo.
Nikahesabu kwa vidole ndani ya glavu.
Mtu alifinyangwa siku ya sita,
nyota zimeshatundikwa, samaki wamo majini,
kazi karibu zote zimekwisha.
Akapuliziwa pumzi puani, akafumbua macho,
na kulipokucha ikawa sabato.
Siku yake nzima ya kwanza duniani
hakuna aliyemwuliza anafaa nini.
Alikaa tu na aliyemfinyanga,
vidole vya mmoja bado vina tope,
wakitazamana.
Jembe lilikuja baadaye.

Vifuniko vikapita bila kukaguliwa.
"Finu!" msimamizi akapaza sauti. "Finu!"
Sikugeuka.
Si kiburi. Nilikuwa nimeitwa kwingine.

Asubuhi nilimwambia baba, nikiwa bado na koti:
leo ni siku yako ya kwanza.
Alitazama theluji. Sijui kama alielewa.
Nilikatwa mshahara wa saa mbili.

Sasa wanakata keki.
Binti yangu Wabiwa ndiye pekee hapa mwenye tarehe yake,
Machi tisa, saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri,
cheti kina muhuri na alama ya unyayo wake.
Anatuonea huruma sisi wa Januari.
Amepanda kwenye paja la babu, upande uliokufa,
anamlisha kwa kijiko cha plastiki:
"Babu, wewe hasa ulizaliwa lini?"

Baba anatafuna polepole.
Anainua mkono wa kushoto, ule mzima,
kidole juu, kuelekea dari lenye madoa ya maji,
na neno linatoka zima, halikukanyagwa:
"Mwulize aliyekuwepo."

Krimu imebaki kwenye ndevu zake.
Siifuti kwanza.