Bawaba

Hapa Tukuyu mvua haipigi hodi,
kwa hiyo nimeanza na tope.
Nimepanga mawe ya mto Kiwira toka barabarani hadi mlangoni,
mapana, ya miguu ya wazee,
na la mwisho nimelichimbia kabisa,
lile lililomwangusha mchungaji na hotpoti yake.

Nimefagia. Nimepaka chokaa hadi usawa wa madirisha.
Waridi nimelipanda kwenye ndoo ya rangi iliyotoboka
(ndoo bado imeandikwa NYEUPE,
waridi jekundu, wanabishana).
Taa nimetundika.
Gunia la kufutia miguu, ndala pea tatu,
kigoda cha anayesubiri mvua ipungue.

Kesho wanakuja wakwe, akina Mwakalobo,
watu wanaoisoma nyumba kuanzia nje.

Nikachukua kopo la mafuta ya cherehani
niizibe mdomo ile bawaba.

“Acha,” mama akasema kutoka jikoni.
Macho yake yamefunga duka, mwaka wa tatu huu.
“Tupokigwe anausukuma kwa kiwiko, unalia mara mbili.
Ambindwile anausukuma kama anayeomba radhi.
Ukiupaka mafuta
nitajuaje chai ya nani niiongeze sukari?”

Nimelirudisha kopo.

Kesho mlango wetu utapiga kelele mbele ya wakwe,
nao wataona aibu kwa niaba yetu,
wataangalia chokaa, wataangalia ndoo,
na kabla yeyote hajatamka hodi
sauti itatoka ndani:
Karibuni. Mmekuja wanne.
Huyo wa mwisho amechoka, mpeni kigoda.